Insha ya Kichina imekwama? Tafuta kwanza imekwama wapi

Jumapili saa mbili usiku. Mtoto wa darasa la nne amekaa mezani, karatasi ya vijumba iko mbele yake, na juu kabisa ameandika kichwa cha insha: 快乐的一天, «Siku ya furaha». Chini yake hakuna kitu. Mama anapita mara ya tatu na kusema, «Andika basi!» Mtoto anaandika mstari, anafuta, raba inatoboa karatasi, machozi yanaanza kulengalenga.

Nimekaa kwenye meza za namna hiyo mara nyingi hapa Guangzhou, pamoja na watoto wa ndugu na marafiki ambao nyumbani wanaongea Kiswahili na shuleni wanasoma darasa moja na Wachina. Wazazi wananiambia, «Insha zake ni mbaya.» Lakini kusema insha ni mbaya ni sawa na kusema mtoto ana homa. Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa jino. Ukiwapa wote dawa moja, yaani «soma zaidi, kariri maneno mazuri», mmoja atapona kwa bahati, na wawili watazidi kuichukia kalamu.

Kwa hiyo kabla ya dawa, pima. Kipimo chenyewe hakizidi dakika kumi. Mwambie mtoto aweke kalamu chini akusimulie hicho anachotakiwa kuandika, kwa Kiswahili, kama anavyomsimulia bibi kwenye simu. Akimaliza, asimulie tena kwa Kichina, kwa mdomo tu. Mrekodi kwa simu. Mwisho aandike sentensi tatu kati ya hizo alizosema.

Sikiliza anakwama hatua ipi. Akikwama tangu kwenye Kiswahili, tatizo liko machoni: hajaona cha kusimulia, au ameona vingi na hajachagua. Kama Kiswahili kinamtoka vizuri na Kichina kinasuasua, tatizo liko kinywani, kwenye maneno na mpangilio wake. Na kama anasimulia vizuri kwa lugha zote mbili lakini karatasi inabaki tupu, tatizo liko mkononi. Dalili zinazofuata karibu zote zinaangukia mahali pamoja kati ya hapo patatu.

Anaongea vizuri, karatasi iko tupu

Hili ni tatizo la mkono, na wazazi waliosoma kwa herufi za ABC hulichukulia kuwa uvivu. Mtoto wetu akijua kusema «kuchutama», anaweza kuliandika hata kama hajawahi kuliona neno hilo kwenye kitabu. Kwa Kichina haiwezekani. Mtaala wa China wa mwaka 2022 unategemea mtoto anayemaliza darasa la pili awe anatambua herufi za Kichina 1,600 hivi, lakini zile za kuandika mwenyewe ni 800 hivi. Akimaliza la nne ni 2,500 za kutambua na 1,600 za kuandika. Maana yake kuna mamia ya maneno ambayo mtoto anayasema, anayasikia, anayasoma, na mkono wake hauwezi kuyatoa. Na ni mfumo wenyewe uliopangwa hivyo, kwa watoto wote.

Linalotokea baada ya hapo ni baya kuliko karatasi tupu. Mtoto anaanza kuandika si anachotaka kusema, bali anachoweza kuandika. Niliwahi kumwona binti mmoja akitaka kuandika kwamba mama yake alicheka mpaka akachutama. Kuchutama ni 蹲, herufi yenye mistari 19 ya kalamu. Alisita, kisha akaandika 坐, kukaa, mistari 7. Mama aliyechutama kwa kicheko akawa mama aliyekaa, na sentensi yote ikapoa. Mwalimu akaandika pembeni kwamba maelezo hayana uhai. Uhai ulikuwepo kichwani mwake, ukapotea njiani.

Dawa: rasimu ya kwanza iandikwe kwa penseli, na kila herufi asiyoijua aandike pinyin, yaani matamshi yake kwa herufi za ABC, na kuizungushia duara. Asisimame kutafuta. Asikuulize. Aandike mpaka mwisho wa kisa huku mawazo yakiwa bado ya moto, ndipo arudi kwenye maduara na kamusi. Kati ya herufi atakazotafuta, achague tatu au nne za kujifunza kweli na kuziweka kwenye kidaftari chake. Akiandikishwa kumi na tano kwa usiku mmoja, mara ya pili ataacha kuweka maduara ili aepuke kazi, na atarudi kwenye 坐.

Insha inasomeka kama daftari la matumizi

Wachina wana jina la ugonjwa huu: 流水账, liúshuǐzhàng, hesabu inayotiririka kama maji, kama mwenye duka anavyoandika kilichoingia na kilichotoka. Hii hapa, ya mtoto wa darasa la tatu:

星期天我和妈妈去公园玩,我们看到了很多花,然后我们吃了饭,然后我们就回家了,今天我真开心!

Yaani: Jumapili mimi na mama tulienda kucheza bustanini, tukaona maua mengi, halafu tukala, halafu tukarudi nyumbani, leo nimefurahi kweli! Haina kosa kubwa la sarufi, wala haina kitu.

Chanzo cha kwanza ni upana. Kichwa kinasema «siku», mtoto anadhani anadaiwa siku nzima, kuanzia mswaki mpaka shuka. Chanzo cha pili kinawahusu zaidi watoto wetu. Kiswahili kina -ka-: tukaona, tukala, tukarudi. Kisilabi hicho kinafunga tukio kwa tukio bila kuchosha sikio. Mtoto akiingia kwenye Kichina anatafuta -ka- yake, anaambulia 然后, ránhòu, ambayo ni «halafu» nzima nzima. Kumbe Kichina hakihitaji chochote hapo; ukitaja kitendo cha kwanza na kisha cha pili, msomaji anajua kilichotangulia.

Usimwambie «ongeza maelezo». Hajui aongeze wapi, ataongeza rangi za maua. Muulize swali la macho. Mazungumzo yetu juu ya insha hiyo yalikwenda hivi:

«Kati ya vyote mlivyofanya, ni kipi ungemwambia rafiki yako kwanza kesho asubuhi?»

«Samaki, shangazi.»

«Samaki gani? Hukuandika samaki.»

«Si kwenye bwawa! Nilimrushia mkate, akaja mmoja mkubwa, mwekundu, akameza wote. Maji yakaniruka kwenye kiatu.»

«Wewe ukafanya nini?»

«Nikaruka nyuma. Mama akacheka mpaka akafanya hivi.» Akashuka kwenye kiti akachutama.

«Basi hiyo ndiyo insha, mwanangu. Anzia hapo kwenye samaki.»

Alichoandika, baada ya maduara mawili ya pinyin:

一条红色的大鱼张着嘴,把我的面包一口吞了下去。水溅到我的鞋上,我往后跳了一步。妈妈笑得蹲了下去。

Samaki mkubwa mwekundu, mdomo wazi, aliumeza mkate wangu kwa mkupuo mmoja. Maji yaliruka mpaka kwenye kiatu changu, nikarudi nyuma hatua moja kwa kuruka. Mama alicheka mpaka akachutama.

Hakuna ránhòu hata moja. Hakuna «nimefurahi» wala haihitajiki. Angalia pia kwamba hakuna neno la kupamba. Kuna vitendo tu: kumeza, kuruka, kuchutama. Mtoto akishapata dakika moja ya namna hiyo, maua na chakula vinaingia kwa sentensi moja moja kabla na baada, au vinaachwa kabisa.

Kwa mtoto asiyeona hata dakika moja, shida ni kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Anza kumuuliza mkiwa njiani mnatoka shule, kwa Kiswahili, siku ambazo hakuna insha. Swali moja latosha: leo umeona nini ambacho jana hakikuwepo?

Kila neno ni la Kichina, lakini sentensi ni ya Kiswahili

Hapa mzazi anayeongea Kiswahili anaona kitu ambacho mwalimu Mchina hakioni. Mwalimu anaona sentensi imepinda. Wewe unajua ilikopindia.

Kiswahili kinasema: nilikula ndizi jana nyumbani. Mtoto anaandika 我吃了香蕉昨天在家. Kichina kinataka lini na wapi vitangulie kitendo: 我昨天在家吃了香蕉. Kiswahili kinasema gari la baba, Kichina kinaanza na baba: 爸爸的车. Kiswahili kinasema mtu niliyemwona jana, Kichina kinabeba maelezo yote na kuyaweka mbele ya mtu: 我昨天看见的人. Kanuni ninayowapa watoto ni fupi: kwa Kiswahili tunamtaja mtu kwanza halafu tunamweleza, kwa Kichina tunamvika nguo kwanza, ndipo anatoka nje. Wanaikumbuka.

Kisha kuna 了. Watoto wetu wanaichukua kuwa -li- na kuibandika kwenye kila kitendo kilichopita. Ndiyo maana unakuta 我小时候喜欢了狗, «nilipokuwa mdogo nilipenda mbwa». 了 inaonyesha jambo limetimia au hali imebadilika. Haiweki wakati uliopita. Kupenda kulikoendelea miaka hakukutimia siku moja, kwa hiyo ni 我小时候喜欢狗. Ukikuta 了 kwenye kila kitendo cha aya, mwambie azifiche zote kwa kidole, asome kwa sauti, na arudishe zile tu ambazo sikio linazidai.

Upande mmoja Kiswahili kinasaidia sana, na ni vibaya kuacha msaada huo. Kichina hakisemi «samaki mmoja» hivi hivi; kuna neno la kupimia katikati, na linabadilika: 一条鱼 kwa samaki, 一条路 kwa njia, vitu virefu; 一张纸 kwa karatasi, 一张床 kwa kitanda, vitu vyenye uso bapa; 一把刀 kwa kisu, 一把伞 kwa mwavuli, vitu vya kushika mkononi. Mtoto aliyechoka anaandika 个 kwa vyote. Mwambie: wewe hujawahi kusema «mti hiki», kwa nini useme 一个鱼? Mtoto aliyekulia kwenye ngeli tayari anajua kwamba nomino inachagua jamaa zake. Ngeli na maneno ya kupimia si kitu kimoja, ila tabia ya kuuliza «huyu anaendana na nani?» anayo tangu kunyonya.

Kama mtoto anaona aibu kwa haya yote, mwambie kwamba wenzake wa hapa Guangzhou wanaoongea Kikantoni nyumbani nao wanakosea kwa njia yao. Kikantoni husema 我走先, «mimi natangulia», neno la kutangulia likiwa mwisho. Darasani wanatakiwa kuandika 我先走. Mwalimu anayefundisha mji huu amezoea kuvuka kutoka lugha ya nyumbani kwenda ya shuleni.

Wino mwekundu juu ya herufi zile zile

Hesabu masahihisho ya insha tatu zilizopita. Mara nyingi utakuta nusu ya wino mwekundu umeangukia herufi zisizofika kumi. Zote zina sababu moja: sikio haliwezi kuzitofautisha.

Ya kwanza ni de tatu, herufi tatu zinazosomwa kwa sauti moja. Shuleni watoto huziita kwa sehemu zake: bái sháo 的, tǔ yě 地, shuāng rén 得. Majina hayo yanasaidia kuzichora, hayasaidii kuzichagua. Kwa mtoto wa Kiswahili mimi natumia njia hii: 的 mara nyingi inakaa pale ambapo Kiswahili kina -a, gari la baba, 爸爸的车. 地 inakaa pale penye «kwa» ya namna ya kutenda: kutembea kwa taratibu, 慢慢地走. 得 inakuja baada ya kitendo na kufungua matokeo au kiwango chake, mara nyingi kama «mpaka»: alicheka mpaka akachutama, 笑得蹲了下去. Njia hii haifiki kila mahali, lakini imepunguza wino kuliko orodha yoyote.

Ya pili ni tā. Kwa mdomo, tā ni kama «yeye» yetu, haijali mwanamume wala mwanamke. Kwenye karatasi zinaachana: 他 wa kiume, 她 wa kike, 它 mnyama au kitu. Mtoto wa Kiswahili anaandika insha nzima ya mama yake kwa 他 na hasikii kosa, kwa sababu lugha zake zote mbili zinamwambia yuko sawa. Wachina wenyewe kwa karne nyingi waliandika 他 kwa wote; matumizi ya 她 kwa mwanamke yalienezwa na mwandishi Liu Bannong karibu na mwaka 1920. Dawa ni kupitia rasimu mara moja, kwa ajili ya tā peke yake.

Ya tatu ni zài: 在 ni kuwepo, 我在家, niko nyumbani, 再 ni tena, kama ile ya 再见, tuonane tena. Akishaunganisha 再 na kuagana, haipotezi.

Nasisitiza hiyo pitio moja kwa kosa moja. Mtoto anayeambiwa «kagua makosa yote» hakagui chochote.

Maneno mazuri yasiyo na mahali

Aliyesoma shule Kenya au Tanzania anaujua ugonjwa huu kwa sura nyingine: insha inayoanza na majogoo kuwika na jua kuchomoza, hata kama kisa ni cha usiku, na methali tatu zilizotafutiwa pa kuingilia. Kwa Kichina ni chéngyǔ, misemo ambayo mingi ina herufi nne. Sherehe ya kuzaliwa yenye wageni sita inaandikwa 人山人海, milima ya watu na bahari ya watu. Pia kuna visa vya kukariri: nilimvusha bibi kizee barabara, niliugua usiku wa mvua, mama akanibeba mgongoni hadi hospitali. Nilisoma kisa hicho cha mvua kwenye madaftari ya watoto wawili tofauti wiki moja.

Mtoto hadanganyi kwa ubaya. Ameambiwa akusanye 好词好句, maneno mazuri na sentensi nzuri, na ameambiwa insha iwe na maana. Akaona maisha yake hayana vyote viwili. Usimkataze chéngyǔ, ni mali ya lugha na mwalimu anazitarajia. Muulize tu: walikuwa wangapi? Akijibu sita, mpe kazi ya kutafuta msemo wa watu sita kwenye chumba kidogo, au aandike kwamba viti havikutosha. Viti kutotosha ni bora. Na kwenye kidaftari cha maneno mazuri, kila neno liandikwe pamoja na tukio lake mwenyewe alikolitumia. Neno lisilo na tukio likae nje.

Mwanzo mnene, mwisho mwembamba

Qiao Ji, mshairi wa enzi ya Yuan, aliacha ushauri ambao walimu wa China bado wanautumia: kichwa cha feniksi, tumbo la nguruwe, mkia wa chui. Mwanzo upendeze, katikati pashibe, mwisho upige. Watoto wengi wanaleta mwanzo wa mistari sita ya hali ya hewa, tumbo lililokonda, na mwisho wa «leo ilikuwa siku yenye maana kweli!» Chanzo mara nyingi ni saa: kipindi ni dakika 40 na ishirini zimeliwa na mawingu. Mwache aandike tumbo kwanza nyumbani, mwanzo baadaye. Akifika mwisho, kata sentensi ya mwisho kabisa usome bila hiyo. Mara nyingi ile iliyobaki, mama aliyechutama, ndiyo mkia.

Alama za bure zinazopotea kwenye vijumba

Hizi ni za kukariri tu. Kila aya inaanza kwa kuacha vijumba viwili. Kituo ni kiduara 。 wala si nukta ya kalamu. Vitu vinavyoorodheshwa vinatenganishwa kwa 、. Alama ya kituo haianzi mstari. Nukta za kuacha wazo likining'inia ni sita na zinachukua vijumba viwili. Karatasi ya kawaida ina mistari 20 ya vijumba 20, yaani 400, kwa hiyo mtoto anaweza kujua ameandika kiasi gani bila kuhesabu.

Nyumbani nzuri, darasani hovyo

Wakati mwingine ni woga wa saa. Mara nyingi zaidi ni kwamba insha ya nyumbani si yake: imetoka kwenye kitabu cha insha za mfano, kwenye simu, au kwa dada mkubwa. Usianze na fimbo. Mwombe akusimulie insha hiyo bila kuiangalia. Akishindwa, mmejua wote wawili. Kwa mwezi mmoja weka insha kubwa pembeni, na kila jioni aandike sentensi nne, dakika kumi, mbele yako, juu ya kitu kimoja alichokiona siku hiyo.

Mwisho, zungumza na mwalimu, na nenda na matokeo ya kipimo mkononi. Kumwandikia kwamba «mtoto wangu ni dhaifu kwenye insha» hakumpi pa kuanzia. Mwandikie kwa WeChat kwamba mtoto anasimulia vizuri kwa mdomo ila herufi zinamkwamisha, mtumie ile rekodi, na omba kwamba kwa muhula huu aruhusiwe kuacha pinyin tatu au nne kwenye insha ya darasani bila kukatwa alama.